Kazi ya Aliye Juu

Wakili wa kaka yake alikuja kumwona yule mjane siku chache kabla ya kesi, akamweleza kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. "Sheria inataka tendo, mama. Kaka yako hakumsukuma mtu. Pampu aliiwasha marehemu mwenyewe. Ukiulizwa kazi yao waligawanaje, sema hujui. Mke atajuaje ya mumewe kazini?"

Mke atajuaje! Mwanamke aliyefua matope ya matangi miaka yote ile, leo asijue?

Alijua vizuri sana. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kambale kwa kushinda majini, alikuwa akisafisha matangi ya maji ya chini ya ardhi, yeye na shemeji yake, ndiye huyo kaka. Mmoja huingia na kamba kiunoni, mwingine hubaki juu ameshika ncha ya pili. Aliye juu huita, "Upo?" Aliye chini huitika, "Nipo." Asipoitika anavutwa, hakuna mjadala. Ndivyo Kambale alivyorudi nyumbani kila jioni.

Siku ile Kambale, na utani wake usiojua mipaka, alimwambia mwenye nyumba kwamba shemeji huyu huachwa juu kwa sababu anaogopa giza. Watu wakacheka. Kaka mtu akanuna. Na kununa kwake, jamani, ni kule kwa tangu utotoni: akishafunga mdomo, hata nyumba iungue hasemi. Akakaa pale juu, kamba mkononi, haiti. Kule chini moshi wa pampu ya petroli, aliyoshuka nayo Kambale kutoa maji, ukajaa. Alipokuja kuvuta, alivuta maiti.

Hayo kaka alimwambia dada yake mwenyewe, wakati wa matanga, huku machozi yakimtiririka. "Nilimnunia, mdogo wangu. Nikadhani na yeye kaninunia." Hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Asubuhi ya kesi, mama yao alimshika mkono mlangoni. "Mkwe wangu nimeshamzika," alisema. "Mwanangu usinizikie akiwa hai."

"Nimekusikia, mama."

Na kweli alikuwa amekusudia. Jana yake alimpigia kaka pasi shati la kuvaa mahakamani, akakazana na kola mpaka ikanyooka. Damu ni damu, na kumfunga huyu kusingemfufua yule. Alipopanda kizimbani, neno "sijui" lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Aliye juu kazi yake ni nini?" mwendesha mashtaka aliuliza.

Alimtazama kaka yake. Shati lilikuwa limemkaa vizuri. Kisha akamfikiria Kambale, maji magotini, kichwa kimeanza kuzunguka, akingoja sauti ya shemeji yake. Alingoja kwa muda gani? Mtu aliyependa maneno kuliko chakula, akafa kwa kukosa neno moja. Uchungu ukampanda, na hasira nyuma yake.

"Kuita," alisema. "Kazi yake ni kuita. Akiita asijibiwe, anamvuta mwenzake."

"Na siku ile aliita?"

"Hakuita. Aliniambia kwa mdomo wake."

Wakili alifumba macho. Kaka yake akatikisa kichwa polepole kukubali, kana kwamba swali ameulizwa yeye.

Kesi ilipokwisha, hakimu alisoma hukumu yake bila kupandisha sauti. Alisema kukaa kimya si kosa kwa kila mtu, ila kwa yule ambaye mwenzake amemwachia uhai wake mkononi, kutotenda kunahesabika kuwa tendo. Akamfunga miaka mitano.

Mama yao alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini. Binti akamwinamia, akamshika kiwiko amsaidie kusimama.

"Twende nyumbani, mama."

Mama aliutoa mkono ule taratibu, bila ukali.

"Kaka yako hakufanya kitu," alisema. "Alikaa tu. Wewe ndiye uliyefanya."

Akajitanda mtandio wake, akashuka ngazi peke yake akishika ukuta.