Dakika Moja Jukwaani

Kanuni mpya ya bima ya afya ya wasanii ilibandikwa mlangoni mwa ukumbi wetu Jumatatu asubuhi. Kufikia mchana kila mtu alikuwa ameshaisoma isipokuwa mimi. Nina mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, kwa hiyo nilimwomba binti yangu anisomee. Alifika kipengele cha tatu akaacha kusoma.

"Malizia," nikamwambia.

"Mama, wanasema msanii ni yule anayeonekana jukwaani au anayesikika. Fundi nguo hayumo."

Miaka ishirini na sita nawavalisha wafalme, majini na mabibi harusi wa kikundi hiki. Kumbe nguo zinaonekana, mimi sionekani! Niliwaka. Nilimtukana aliyeandika kipengele hicho, na kalamu yake, kisha nikakaa, maana matusi yasingenilipia upasuaji. Daktari hakuuma maneno: nifanyiwe kabla mwaka haujaisha, la sivyo nitafute kazi nyingine. Kazi nyingine siijui.

Mkuu wa kikundi tunamwita Subirini, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila anayeulizia posho. Safari hii hakutaka kusubiri.

"Ijumaa afisa wa utamaduni anakuja kutazama onyesho na kuandika wanaostahili kadi ya bima," akasema. "Dada, tutakuweka jukwaani."

"Niigize nini mimi?"

"Mtumishi wa mfalme. Unaingia, unaweka sinia, unatoka. Dakika moja, na huna neno hata moja."

Kwenye mazoezi walinicheka mpaka wakashika mbavu. Walisema natembea kama mtu aliyekumbuka ghafla kuwa hakuzima jiko.

Ijumaa afisa alikaa mstari wa mbele, mama wa makamo, faili mapajani. Niliingia na sinia bila kumwangalia, na mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Nilipoinama mbele ya mfalme mkono wangu ukagusa joho lake. Pindo lilikuwa limefumuka urefu wa kiganja kizima, na muda si mrefu alitakiwa kushuka ngazi. Angeanguka vibaya. Sikufikiri. Niliweka sinia chini, nikachomoa sindano yenye uzi ambayo sikuzote huwa kwenye kola yangu, nikapiga magoti, nikaanza kushona.

"Mama, toka," mfalme akaninong'oneza.

"Tulia, nitakuchoma," nikamjibu, kwa sauti ileile ninayowakemea nayo kila siku nyuma ya pazia.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mfalme akatulia kweli, akaendelea kutoa hukumu huku nimemshika pindo. Nilipokata uzi kwa meno watu wakapiga makofi, na hapo ndipo nilipogundua nimefanya nini. Nilitoka jukwaani haraka. Afisa si mjinga. Ameshajua mimi ni fundi, na kadi nimeitupa kwa mikono yangu mwenyewe.

Onyesho lilipokwisha alikuja nyuma ya jukwaa, akaomba lile joho. Subirini akaanza kumweleza kwamba ilikuwa sehemu ya mchezo. Afisa akamwinulia kiganja anyamaze, akanigeukia mimi.

"Umeigiza miaka mingapi?"

Tulikuwa tumepanga niseme mingi, nikasema kweli. "Kushona, ishirini na sita. Kuigiza, leo."

Aliandika kitu kwenye fomu, akagonga muhuri, akanipa kalamu niweke sahihi. Niliitafuta mistari sikuiona. Akanishika mkono, akaupeleka mahali penyewe.

"Nimekuandika mwigizaji," akasema. "Umecheza fundi na watu wamekuamini." Kisha akapitisha kidole kwenye pindo la joho. "Ila huu mshono umepinda."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuutazama mshono wangu kiasi cha kuniambia neno hilo. Nilipitisha kidole na mimi, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umepinda kweli. Nikalia mbele yao wote, fomu yenye muhuri mkononi.