Digrii Nne kwenye Gari la Alinga

Jumanne saa tisa kasorobo alasiri, fundi Nasir alifunga boneti ya Subaru nyeusi ya mzee Alinga, akapangusa mikono kwa kitambaa, akafungua daftari na kuandika: hewa ya nje, 31. Gereji yake iko Adungosi, kando ya barabara inayotoka Busia kwenda Malaba. Aliihamishia hapo kutoka Busia mjini miaka mitatu iliyopita kwa sababu kiwanja ni kikubwa na barabara imenyooka, ukitaka kujaribu gari huzuiwi na mikokoteni. Kiwanja chenyewe ni cha Alinga, mwenye malori kumi na manne kule Malaba.

Kazi iliyomchukua siku nne ilikuwa kufunga intakula mpya. Asiyejua magari aelezwe kidogo. Gari lenye tabo hushindilia hewa ndani ya injini, na hewa ikishindiliwa hupata moto. Intakula hukaa mbele, nyuma ya bampa, ikiipoza hiyo hewa kabla haijaingia. Hewa ikipoa, gari linapata nguvu. Ile ya zamani ilikuwa ndogo kama sinia la chai, na hii mpya ilikuwa kubwa hata Nasir akalazimika kuikata bampa kwa ndani ili ienee. Alitaka hewa iingie na digrii themanini na nane, itoke na arobaini. Arobaini ingemtosha kabisa. Chini ya joto la nje haiwezi kwenda, hata ufunge intakula ya ukubwa wa mlango, maana kinachoipoza ni hewa hiyohiyo ya nje. Hilo kila fundi analijua.

Alinga aliendesha mwenyewe. Nasir alikaa kando yake, kipimajoto mapajani, waya wake umepita dirishani mpaka chini ya boneti. Walipita shule ya msingi, wakawapita watu wa baiskeli waliobeba mihogo, kisha Alinga akakanyaga mafuta. Kipimajoto kilisema 38. Nasir akatabasamu. Kikasema 22, akaacha kutabasamu. Kikasema 4, kikakaa hapo.

"Ngapi?" Alinga aliuliza.

"Nne, mzee."

"Hiyo ni mzuri?"

"Haiwezekani."

"Lakini ni mzuri."

Nasir aliandika 4, na kando yake akaandika saa: tisa na dakika kumi. Waligeuza gari pale mkia wa foleni ya malori ulipoishia, wakarudi, na namba haikubadilika. Gari lilikuwa likivuta kuliko lilivyowahi kuvuta tangu lishuke melini, na Alinga alikuwa akicheka peke yake.

Walipofika gereji, bampa ilikuwa imelowa umande wa baridi. Anjeline, jirani anayeuza soda, alikuja akaigusa kwa kidole, akarudi kibandani kwake, akaja na kreti. Aliuliza kama anaweza kuziegemeza chupa zake hapo mbele kwa nusu saa tu. Nasir alikuwa anatafuta kipimajoto kingine. Cha pili nacho kilisema nne. Akaenda kuazima kile cha hotelini cha kupimia maziwa, nacho kikasema nne, na mwenye hoteli akataka arudishiwe mapema.

Saa kumi na moja mkewe, Janat, alipita gereji na mtoto wao Hanan mgongoni. Hanan alikuwa ametimiza miezi tisa siku hiyohiyo, umri wa kuchanjwa surua. Na surua haikuwa hadithi: ilikuwa imeshaonekana vijiji viwili vya karibu, na Janat alikuwa amehesabu siku mpaka hiyo Jumanne.

"Baba Hanan, tumerudishwa," alisema. "Chanjo imeharibika. Tumeketi tangu saa sita, tumefikiwa, ndio nesi anafungua friji anakuta moto."

"Moto?"

"Moto, kama huku nje."

Nasir alimchukua mtoto, akambeba huku akiangalia bampa. Kuna kitu kilitaka kumwingia akilini, akakikataa.

Kesho yake asubuhi nesi Leonida wa zahanati ya pale Adungosi alimtuma mtu amwite Nasir, kwa kuwa Nasir alijua pia mambo ya gesi. Leonida ni mwanamke wa maneno machache, na friji ile aliitunza kama mboni ya jicho. Mlangoni ameibandikia karatasi, na kila asubuhi na kila jioni huandika digrii zake. Inatakiwa isishuke chini ya mbili wala isipande juu ya nane. Kwa miaka sita iliandikwa nne, tano, nne, nne.

"Inanguruma lakini haipoi," alisema. "Stima iko. Gesi je?"

Gesi ilikuwa imejaa. Mota ilikuwa nzima. Ndani ya friji kulikuwa na digrii thelathini na moja. Leonida alimwonyesha vichupa vya chanjo: kila kimoja kina kijiraka kidogo cha mraba, kikishakuwa cheusi, chanjo imekufa. Vyote vilikuwa vyeusi.

"Ilianza lini?" Nasir aliuliza.

"Jana. Saa tisa na dakika kumi. Nilikuwa nimeifungua wakati huo, nikaona inapanda tu."

Nasir alitoa daftari lake kwenye mfuko wa ovaroli, akaliweka mezani kando ya karatasi ya friji. Walisoma wote wawili. Leonida alifuata mistari kwa ncha ya kalamu, wa kwake, wa kwake Nasir, wa kwake tena. Nje, watoto walikuwa wakilia kwenye benchi.

"Basi baridi iko kwa gari," alisema Leonida.

"Iko kwa gari," alisema Nasir.

Jambo lilikuwa wazi. Kilichowachanganya ni wamwambie nani. Polisi? Polisi wangeuliza kimeibiwa nini. Watu wa stima? Stima haikuwa na kosa. Mwishowe Leonida alimpigia simu afisa wake wa chanjo, akamweleza yote bila kuruka kitu. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Alisema anaelewa, na kwamba mahali pengine baridi imewahi kwenda kwa kiyoyozi cha ukumbi wa harusi.

"Wewe andika stima ilipotea," alimwambia.

"Stima haikupotea, bosi."

"Nesi, fomu iko na stima, gesi na uzembe. Gari haiko. Chagua."

Leonida aliandika stima. Herufi ya kwanza aliikandamiza kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa fomu.

Nasir alirudi gereji. Haya ndiyo yaliyomwuma zaidi: alizipenda zile namba. Miaka kumi na tisa ya ufundi, hakuwahi kuandika nne. Usiku huo alisikia Hanan akikohoa mara mbili, kikohozi cha kawaida cha mtoto, akakaa kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Alhamisi asubuhi alifungua bampa, akaitoa intakula mpya, akairudisha ile ya zamani. Hakumwambia mtu. Saa nne Leonida alikuja mwenyewe, mbio, na viatu vyake vya kazini.

"Tano!" alisema. "Fundi, imesoma tano!" Alishika nguzo ya gereji, akalia kidogo, akajifuta uso kwa ukanda wa gauni lake. Kisha akapiga simu aletewe chanjo nyingine, na zikaletwa kwa pikipiki Ijumaa saa sita mchana. Ujumbe ukapita kijijini: kina mama waje saa nane.

Saa saba na nusu akaja Alinga.

"Yoga, fundi," alisalimu kwa Kiteso. Aliingia ndani ya Subaru, akatoka barabarani, akarudi baada ya dakika tano. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamka akakosa shuka.

"Imekuwa ngapi?"

"Arobaini na sita, mzee. Nimerudisha ya zamani."

Nasir alimweleza. Akamwonyesha daftari, na karatasi ya friji ambayo Leonida alikuwa amemnakilia. Alinga alivaa miwani, akasoma taratibu, namba kwa namba. Ni mtu wa haki kwa namna yake. Wafanyakazi wake hawajawahi kumsikia akitukana.

"Kwa hivyo gari iko sawa," alisema.

"Gari iko sawa. Lakini chanjo, mzee. Watoto. Mtoto wangu mimi."

"Nimeskia. Sasa mimi nimeiba?"

"Sijasema umeiba."

"Nilinunua intakula, risiti iko. Hiyo baridi sikuiita. Kama imependa gari yangu, mimi nitafanya nini? Nikiikataa, si itaenda kwa mtu mwingine?" Alivua miwani. "Rudisha, fundi. Jumapili niko na mbio kule Malaba na wale vijana wa Tororo."

Nasir alisimama. Angeweza kukataa. Alitazama kiwanja, vyuma vyake, mashine yake ya kuchomelea ambayo haina pengine pa kuwekwa. Kisha alichukua spana, akaifunga intakula mpya kwa mkono wake mwenyewe, nati nne, na ya mwisho aliikaza vizuri kwa sababu hajui kukaza vibaya.

Saa nane na robo Leonida alitokea barabarani akiwa amekumbatia kisanduku cha baridi, kina mama wamemfuata na watoto migongoni. Friji yake ilikuwa imeanza kupanda. Hakumsalimia mtu. Alipiga magoti mbele ya Subaru, akaingiza vichupa kimoja kimoja kupitia matundu ya bampa, akavipanga juu ya intakula.

"Baridi ikihama, na chanjo ihame," alisema.

Alinga alimtazama, akafurahi kwa moyo wote. Alisema si neno, zahanati itumie gari bila wasiwasi wakati yeye hana safari. Jumatano, kwa mfano, asubuhi huwa yuko huru. Kina mama walimshukuru. Mmoja alimwombea maisha marefu. Siku hiyo lakini alikuwa na haraka, akaomba vichupa vikae humohumo, vitakuwa salama, akaondoka navyo kabla hata mtoto mmoja hajachanjwa.

"Aliye juu mngoje chini," Anjeline wa soda alisema gari lilipotoweka. Walimngoja. Alinga hakuonekana kuwa na mpango wa kushuka.

Alishinda mbio za Jumapili. Kuanzia siku hiyo baridi haikungoja hata injini iwashwe, ilikaa bampani mchana kutwa. Friji ya zahanati ikawa kabati. Leonida aliweka ndani yake madaftari na chupa ya chai. Ile karatasi ya digrii aliihamisha akaibandika kwenye ukuta wa gereji, akaendelea kuandika asubuhi na jioni gari likiwapo, na lisipokuwapo aliandika "safari". Afisa alipokuja kukagua aliisoma, akaona mwandiko ni safi, akatia sahihi.

Jumatano kina mama ishirini na watatu walipanga foleni mbele ya Subaru. Nasir alikuwa ameikatia bampa kimlango kidogo chenye bawaba ili Leonida asikwaruze vidole. Janat alikuwa wa nne. Alikuwa amemvalisha Hanan gauni la njano, la mikono yenye kifungo. Wa kwanza alidungwa, akalia. Wa pili akalia kabla ya kudungwa.

Hapo Alinga akaja kwa bodaboda, simu sikioni. Lori lake moja lilikuwa limezuiwa Malaba, lazima afike. Aliomba radhi kwa kila mtu, kwa mkono kifuani, mpaka kwa watoto. Alingoja Leonida amalize wa tatu, akangoja na mtoto huyo anyamaze, maana alisema hapendi kuondoka mtoto akilia. Leonida alikuwa ameshaupangusa mkono wa Hanan kwa pamba. Sindano ya Hanan ilikuwa bado haijavuta dawa, na chupa iliyofunguliwa ilikuwa ndani ya bampa, ikae baridi.

"Dakika moja tu, mzee," Leonida alisema. "Huyu mmoja."

"Mama, si mimi, ni lori," Alinga alisema kwa upole, naye tayari amekifunga kile kimlango. Akamgeukia Nasir. "Ufunguo, fundi."

Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa ovaroli. Nasir aliushika humo ndani. Aliona Leonida amesimama na pamba mkononi, akaona foleni, akamwona Janat. Nasir alitoa ufunguo, akampa.

"Endesha polepole, mzee," alisema. "Chupa zisivunjike."

Subaru liliingia barabarani kuelekea Malaba, na kwa mlio tu Nasir alijua kwamba linavuta hewa ya digrii nne. Kina mama walianza kukunja leso zao. Hanan alikuwa akiuangalia mkono wake uliolowa. Janat alimshushia mkono wa gauni, akafunga kifungo, akamweka mgongoni na kumkaza vizuri. Ndipo akamgeukia mumewe, akasimama umbali ambao wateja husimama.

"Fundi," alisema, "Jumatano ijayo tuje saa ngapi?"

Nasir alimwambia saa mbili.