Magunia Matupu

Bi Sindano alipolikung'uta gunia la kwanza, panya mfu alidondoka, na viroboto wakamrukia miguuni. Wanawake wa godauni, kazi yao kukung'uta na kushona magunia yaliyotumika, walishazoea. Tangu msimamizi amwage sumu ili wageni wa kampuni wasikute panya, panya hao walikuwa wakifa chungu nzima. Sasa kiroboto hakai kwenye mzoga uliopoa. Hutafuta damu ya moto, na iliyokuwa karibu ilikuwa yao.

Mdogo wake, Kicheko, alikuwa amejilaza juu ya rundo, anatetemeka kwa homa. Mtoki ulikuwa umemvimba kinenani, hata mguu haunyooki.

"Mpeleke zahanati," alisema msimamizi kutoka mlangoni, suruali kaichomeka ndani ya soksi. "Useme malaria. Ukitaja panya watatufungia, na wenzako watakula nini?"

Bi Sindano aliitazama ile suruali. Kumbe anajua, mwanaharamu huyu.

"Na hizo soksi, bosi, umezivuta kwa ajili ya malaria?"

Wenzake walicheka, kisha kila mmoja akainamia gunia lake.

Zahanati hakumung'unya maneno. "Daktari, panya wanakufa kazini, viroboto wanatula, na mdogo wangu ana mtoki. Usiniandikie malaria."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimfunua Kicheko, akaminya pale palipovimba, akaagiza sindano papo hapo. "Hii ni tauni. Kesho ungeniletea maiti," alisema. "Kama atapona, sijui bado. Hayo magunia yasitoke mpaka tupulize dawa."

Bi Sindano alirudi mbio kuwaambia. Akakuta lori limeshapakiwa, li tayari kuelekea masoko ya mbali.

"Umetumwagia unga wetu," shoga yake alimwambia bila kumtazama.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, shoga. Miye nimekataa kuficha." Akaketi chini, mbele ya tairi.

Dereva akachungulia dirishani. "Dada, pisha. Mimi nimetumwa tu."

"Umebeba nini?"

"Magunia matupu."

Akapandisha gauni hadi magotini. Miguu ilijaa vipele vyekundu, vingine vinatoka damu. "Haya, matupu hayo."

"Washa gari," msimamizi aliamuru.

Dereva akawasha. Bi Sindano hakusogea. Injini ikanguruma juu ya kichwa chake, na dereva, mguu mmoja kwenye klachi, akainama kujikuna kifundo cha ule mwingine.