Hodi Nilizojipigia

Wallahi haya ni kweli tupu, na anayebisha hajawahi kususiwa.

Mwaka wa sitini na moja, baada ya uchaguzi, mtaa wetu wa Jadida ulinisusia kwa kuwa nilikipigia kura chama kisichokuwa chao. Salamu yangu haikuitikiwa. Mke wangu alipofariki, jeneza lake tulilibeba wanne tu, mimi na jamaa zangu watatu wa kisiwani Fundo. Waliporudi kwao nikabaki na kuta.

Ili nisirukwe na akili, kila asubuhi nilitoka nje, nikapiga hodi mlangoni kwangu, kisha nikaingia na kujiitikia karibu. Nilimimina kahawa vikombe viwili nikamsimulia mgeni habari za marehemu. Alikuwa msikivu mno; siku nyingine alianza kulia kabla yangu.

Siku moja jirani yangu, Bi Kazija, akanisemesha kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi, kutoka upande wa pili wa ua wa makuti.

"Mzee Vuai, wazungumza na nani humo kila siku?"

"Wallahi nina wageni ishirini, wengine wamekosa pa kukaa."

"Mbona barazani sioni viatu ila makubadhi yako tu?"

Nikayatazama makubadhi yangu, jozi moja.

"Umeapa uongo, mtu mzima wewe! Toa kafara. Lisha masikini kumi."

"Nani atakanyaga kwangu, Bi Kazija?"

"Basi funga siku tatu."

Nikafunga zote tatu. Kila magharibi nilifuturu muhogo peke yangu, nikimsikia Bi Kazija akikohoa nyuma ya makuti, haondoki mpaka nimalize.