Siku Mhandisi Alipopuliza Mita

Kazi ya ofisi yetu ni kuzibana kampuni za maji na umeme zisiwaonee wateja. Mimi hukaa dirisha namba mbili, dirisha la malalamiko, na kwa miaka sita nimeshasikia kilio cha kila aina. Lakini Jumatatu ile nilipoinua macho na kumwona shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, amesimama mbele ya kioo na mkoba mweusi kwapani, nilijua leo nimepatikana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Andika."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba kampuni ya maji inaniuzia upepo."

Shangazi ni mkunga mstaafu, na hana desturi ya kusema jambo mara mbili. Akaeleza. Bomba lake linatoa maji siku moja kwa wiki. Siku nyingine akilifungua, linakohoa tu na kutoa hewa. Na wakati linakohoa, mita kule nje inazunguka kama imepandwa na wazimu. Bili ya mwezi inasema ametumia mapipa mia na tisini ya maji.

"Nyumbani niko mimi na paka," alisema. "Au paka anafua?"

Nikamwambia kwa upole kwamba siwezi kumhudumia kwa sababu ni ndugu yangu, ni mgongano wa maslahi.

"Maslahi gani, na hata soda hujawahi kuniletea?"

Nilimwelekeza dirisha namba tatu. Mwenzangu wa pale aliandika lalamiko lote huku anang'ata midomo asicheke.

Kampuni ikajibu kwa barua yenye mihuri miwili: mita imekaguliwa, ni nzima, na kitaalamu hewa haiwezi kuzungusha mita. Shangazi akaisoma barua, akaikunja, akasema hakubali. Hapo shauri likapelekwa mbele ya mwenyekiti wa kamati yetu ya mashauri.

Siku ya kikao mwandishi wetu alikuwa likizo, nikaambiwa niandike kumbukumbu mimi. Nikatamka wazi kwamba mlalamikaji ni shangazi yangu. Mwenyekiti, mama mwembamba aliyewahi kuwa hakimu, akanitazama juu ya miwani. "Kuandika si kuamua. Kaa."

Mhandisi mkuu wa kampuni alikuja na mwanasheria, kompyuta, na michoro ya rangi rangi. Mtu wa kifua kipana, tai imebana shingo. Alizungumza nusu saa nzima, akamaliza hivi: "Mheshimiwa, mita ni kifaa cha maji. Hewa ni nyepesi mno."

Shangazi akafungua mkoba, akatoa mita iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. "Hii nimeazima kwa fundi bomba wa mtaani kwetu." Akaiweka mdomoni kama mtu anayepiga tarumbeta, akapuliza. Mshale mwekundu ukazunguka.

"Hiyo imechakaa!" Mwanasheria alisimama haraka. "Haina hata lakiri yetu!"

"Basi leteni yenu," alisema mwenyekiti.

Ghala lao halikuwa mbali. Baada ya dakika arobaini dereva wao akarudi na boksi, na ndani yake mita mpya, inang'aa, lakiri haijaguswa. Mhandisi akaifungua kwa mkono wake mwenyewe.

"Endelea, mama," mwenyekiti alisema.

"Hapana, mheshimiwa. Nikipuliza mimi, watasema nina mashetani mapafuni. Apulize mwenyewe."

Mhandisi akamtazama mwanasheria. Mwanasheria akatazama dari. Hakukuwa na pa kukimbilia. Akaifuta mita kwa leso, akaweka mdomo, akavimbisha mashavu mpaka macho yakamtoka. Mshale haukutikisika.

"Mnaona?" alisema, anahema.

Shangazi akainuka. Akamsogelea mpaka karibu kabisa, akamwangalia koo, kisha kifua.

"Mwanangu, hiyo pumzi umeifungia shingoni. Nimesimamia watu wanaosukuma kwa miaka thelathini na moja. Anayesukuma namjua, na anayenidanganya namjua. Legeza tai. Haya, vuta pumzi. Ndani zaidi. Sasa sukuma!"

Sauti ile naifahamu tangu utotoni. Sijamwona mtu aliyeweza kuikaidi.

"Sukuma, baba! Usiogope, unakaribia!"

Na mhandisi akasukuma. Mshale ukaruka, ukaanza kuzunguka kwa kasi, mita ikilia kama nyuki chupani. Mwenzangu wa dirisha namba tatu, aliyejipenyeza nyuma ya ukumbi, aliangua kicheko kwanza, na baada yake hakuna aliyejizuia, hata yule mwanasheria.

"Hongera," shangazi akampigapiga mhandisi begani. "Umejifungua salama."

Mwenyekiti aliliinua faili akajifunika uso. Mabega yake yalipotulia, akalishusha na kutoa uamuzi: kabla ya mwezi kwisha, kampuni ifunge vali za kutolea hewa kwenye mabomba ya mtaa ule, ili isifike kwenye mita, bili ya mlalamikaji ifutwe na ipigwe upya, na mitaa yote yenye mgao wa maji ikaguliwe.

Nilipotoka na shangazi, mhandisi alitufuata kwenye korido. Nilidhani anakuja kugomba. Akasimama, ameshika tai mkononi.

"Mama, nilikuwa najua," alisema kwa sauti ya chini. "Vali hizo nimeziomba miaka mitatu. Kila mwaka wakubwa wanazikata kwenye bajeti, halafu mimi ndiye ninayetumwa kuja kusema hazihitajiki."

Shangazi alimshika mkono. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Leo una uamuzi wa serikali mkononi. Nenda kaziombe tena. Na safari hii usinong'one."

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka kwa wakubwa hao. Uamuzi hawakuupinga. Waliomba tu kwamba kwenye kumbukumbu, palipoandikwa "mhandisi alipuliza", pasomeke "jaribio la kitaalamu la mtiririko wa hewa lilifanyika". Nikaipeleka kwa mwenyekiti. Aliisoma mara moja tu, akachukua kalamu, akaandika pembeni: "Alipuliza."

Vali zilifungwa siku tatu kabla ya muda kwisha. Mhandisi mwenyewe alikuwepo, mikono ya shati imekunjwa, spana mkononi, anawahimiza mafundi kwa sauti iliyosikika nyumba ya nne. Jumamosi iliyofuata maji yakaja tangu alfajiri, na mita ikahesabu maji tu.

Shangazi akanipigia simu nikitoka zamu ya nusu siku, niende mbio. Nilimkuta uani, povu mpaka viwikoni, ameloweka mablanketi yote ya nyumba nzima, manane.

"Kamata upande ule," akaniambia. "Tukamue."

"Shangazi, nimevaa shati la kazini."

"Nimeliona. Kamua."