Viti vya Mama Lenah

Huko Tuwan, mjini Kitale, majirani walimjua Jentrix kama yule msichana wa chuo anayefunga mlango mapema. Aliyemwita kwa jina ni Kukhu Roselyne peke yake, kukhu yaani nyanya kwa Kibukusu, bibi mjane wa kijiji cha Naitiri. Shirika alikofanyia mazoezi ya kazi lilimtuma huko kuwatembelea wazee wasio na mtu. Siku ya kwanza Kukhu alimkalisha juu ya debe lililopinduliwa, maana nyumba haikuwa na kiti, wakala viazi vitamu. Akamuuliza kama huko Kitale kuna mtu wa kumpikia. Jentrix akacheka ili asilie.

Akapendekeza Kukhu aletewe chakula na shirika. Uamuzi ulikuwa wa Bwana Kinyua, msimamizi wake, naye alitaka kwanza kujionea nyumba. Jentrix, kwa adabu aliyolelewa nayo Bungoma, akatuma salamu mapema kwamba Alhamisi atakuja na mgeni mwanamume. Kwao mgeni hamshtukizi mtu.

Walipofika walikuta makochi yenye vitambaa vya kufuma, chupa ya chai, na kuku ameiva. Kukhu alimwekea Kinyua firigisi, heshima ya mwanamume. Kinyua, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri, aliitafuna bila kujua amepewa nini, macho yakizunguka nyumba. Katika somo la sosholojia Jentrix alifundishwa kwamba umaskini hupimwa kwa vitu vinavyoonekana: paa, viti, mifugo. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu ataazima nyumba nzima ili mgeni asikalie debe.

Nje, karibu na ua, Kinyua alisema, "Huyu ako sawa, bana. Hata mimi sina makochi kama hayo. Twende kwa mwenye shida."

Jentrix alizoea kukubali. Safari hii akamweleza, kwa sauti ndogo, kwamba vitu vile ni vya kuazima. Alidhani yataishia hapo uani. Kinyua akageuka, akarudi ndani.

"Mama, ati hivi viti si vyako?"

Kukhu alikuwa akikusanya sahani. Hakumtazama Kinyua. Alimtazama Jentrix, kwa muda mrefu.

"Ni vya Mama Lenah, jirani," akasema.

"Na kuku?"

"Pia."

Kinyua akasema basi, ameelewa, mama huyu atapewa chakula. Kukhu akashukuru, akaendelea kupanga sahani.

Mwezi uliofuata Jentrix alirudi peke yake, amebeba mkate. Kukhu alitoka kabla hajabisha, akauvuta mlango nyuma yake, akapokea mkate kwa mikono miwili.

"Chakula kilifika, madam. Asante kwa kazi yako."

Jentrix akauliza kama analala vizuri, kama mguu bado unamuuma. Kukhu akajibu kila swali, wima, pale mlangoni. Kisha akangoja amalize.