Piranha mu Tuyau ya WC

Miye njo nilimudanganya Élodie. Yaya yangu Euphrasie, dada yangu mukubwa, aliuliza bantu bote nini inamuogopesha mutoto yake, isipokuwa miye, na miye nilinyamaza huit jours, siku nane nzima.

Élodie iko na miaka six. Siku ya mercredi banasomaka asubuhi tu, donc nyuma ya midi miye njo namuchungaka, juu sina kazi ya kila siku. Ile mercredi nilimupeleka ku étang d'Ixelles, kiziwa ya hapa Bruxelles, fasi yaya alinikatalia. Nilitaka kupiga simu, na ule mutoto alikuwa anainama pembeni ya mayi, namuvuta, anarudi, anainama tena. Nikachoka. Nikamwambia: "Mule muko piranha."

"Piranha ni nini?"

"Samaki ya meno. Banakulaka muntu mu dakika moya, banaacha mifupa. Hata ng'ombe."

Alirudi nyuma mbio. Bon, ningeacha pale. Lakini mudomo yangu haisimamaka. Aliuliza kama banaweza kufika ku nyumba, nikasema ndiyo, mayi yote ya Bruxelles inaunganaka mu tuyaux, mabomba ya mayi, banapitaka chini ya barabara, banatokea fasi banataka. Nikamwambia pia maman asijue kama tulienda kule.

Ile mangaribi alikataa kuoga mu baignoire. Kesho yake alikataa kukaa ku WC. Ku nyumba alisema atakojola ku masomo, ku masomo alisema atakojola ku nyumba. Alikuwa anabana miguu, jasho inamutoka ku pua. Usiku mikojo inamutoka mu kitanda, analia kimya kimya, sawa muntu mukubwa. Siku ya huit akapata homa.

Docteur alimugusa tumbo, mutoto akaruka. Ule maman docteur akatuangalia, yaya na miye, akasema amebana mikojo sana, microbe imeingia. Alitoa dawa. Lakini kama mpaka kesho asubuhi anabana tu, ni hôpital, juu inaweza kupanda mu mafigo.

"Anaogopa nini?" akauliza.

"Hasemi," yaya akajibu.

Élodie aliniangalia, akafunga mudomo. Nilimwambia asiseme, hakusema.

Yaya alienda ku kazi. Tukabaki bawili. Nikamwambia ilikuwa bongo, nilimudanganya, hakuna piranha mu tuyau.

"Unasema hivyo juu docteur alikasirika," akasema.

Ya tuyau nilijua ni bongo. Lakini ya ng'ombe niliamini. Nikiwa mutoto ku Bukavu nilionaka ile mambo mu salle moya ya vidéo ku Kadutu, mayi inachemuka, inakuwa nyekundu. Mwezi muzima sikuingia mu ziwa.

Dawa iliposhusha homa kidogo nilimubeba ku mugongo, nikaenda kwa Larissa. Ni binti ya Uvira, tulijuana ku chorale ya kuimba. Anasafishaka aquarium, masanduku ya kioo ya samaki, mu magasin moya ya samaki ya kufuga, mu sous-sol chini ya nyumba, hapa tu nyuma ya maduka ya Galerie. Alikuwa amekunja mikono ya nguo mpaka ku bega.

"Hénock, leo umekuja kufanya kazi ao kuangalia wenzako?"

Nikamweleza yote. Alicheka kwanza. Kisha alimuona Élodie namna anasimama, magoti pamoja, akaacha kucheka.

"Weye uko mujinga ya mwisho," akaniambia. Akamushika mutoto mukono. "Kuja, maman. Nikuonyeshe piranha benyewe."

Balikuwa ku mwisho ya couloir, ile kipito nyembamba, mu aquarium kubwa, taa kidogo. Kumi na ngapi hivi, tumbo nyekundu, taya ya chini inatoka mbele. Habasogei, banatuangalia. Élodie alijificha nyuma ya muguu yangu. Miye sikuwa na fasi ya kujificha.

"Ni hawa?" Élodie akauliza.

"Ni hawa. Kwabo ni Amérique ya Kusini, mayi ya moto. Ukibatia mu étang ya hapa, baridi inabaua. Na mu WC, tuyau ni baridi, ni chafu, hakuna chakula. Banakufa mbele bafike."

"Na ng'ombe?"

"Ile hadithi iko na zaidi ya cent ans, miaka mia. Banasemaka mukubwa moya, président ya zamani ya Amerika, alitembea huko. Bantu ya pale balitaka kumushangaza. Balifunga fasi moya ya mutoni na filet, wavu ya samaki, bakaacha piranha siku na siku bila chakula, kisha bakatupa ng'ombe mule. Hata weye ukifungwa na njaa vile, utauma. Mukubwa akaandika, dunia yote ikaamini. Na tonton yako naye."

"Kawaida banakulaka nini?"

"Samaki badogo, mapezi ya wenzabo, badudu, mbegu, matunda yenye inaanguka mu mayi. Na nyama yenye imekwisha kufa."

"Juu ya nini banakaa pamoja hivi? Banataka kushambulia."

"Hapana. Banaogopa. Mamba anabakula, bandege banabakula. Moya pekee, atakamatwa. Donc banabanana."

Nikasema: "Lakini banaumaka."

"Banaumaka." Larissa akaonyesha kidole, alama nyeupe pembeni ya kucha. "Moya kati yabo nilimutoa mu filet, nilimubana, akaniuma. Na ku kwabo, mayi ikipunguka, ao ukikanyaga karibu ya mayai yabo, unaumwa kidole. Meno si bongo. Njo maana naingizaka mukono polepole, bakishakula, na sina kidonda."

Akachukua sponji, akaingiza mukono mpaka ku kiwiko, akaanza kupangusa kioo. Piranha habakugusa kitu.

Élodie akatikisa kichwa. "Banakujua weye. Tonton aingize."

"Élodie—"

"Weye njo ulisema."

Larissa aliangalia mikono yangu, mbele na nyuma, hakuna kidonda. "Polepole. Usitikise vidole."

Nilipanda ku kiti. Mayi ilikuwa ya moto, na ile moto njo iliniongezea woga, sawa mudomo. Nikaingiza vidole. Nikasimama. Nilikuwa nafikiri mukono itatoka mifupa tu. Nikaingiza mpaka ku kifundo ya mukono.

Piranha bote bakatawanyika mara moya. Kitu ikagonga kioo, paa. Nikapiga kelele, mukono yangu ikatoka na mayi ikamwagika ku kichwa ya Larissa. Nikahesabu vidole. Cinq. Piranha bote balikuwa kule nyuma, mu kona, moya juu ya mwingine, banatetemeka.

Larissa alicheka mpaka akakaa chini. Élodie hakucheka. Aliweka pua ku kioo.

"Banaogopa nani?"

"Tonton yako."

"Nataka kuingiza."

"Mutoto hapana. Ile ni kazi ya bakubwa benye bamefundishwa. Na ya bajinga."

Nikapiga magoti mbele ya Élodie, nguo inatoka mayi. Nikasema nilidanganya juu nilitaka kupiga simu, ile tu. Na mangaribi nitamwambia maman.

"Maman atakufukuza?" akauliza.

"Sijui."

Ku nyumba alienda mu WC pekee yake. Akaacha mulango wazi kidogo, akasema nikae chini ku couloir, nisiseme. Nikakaa. Hakuna kitu. Dakika moya, mbili, cinq. Niliogopa kuliko mbele ya aquarium, juu huku si mukono yangu njo ilikuwa mu hatari. Nikafikiri hôpital, sindano, yaya ananiangalia.

"Tonton."

"Niko."

"Inauma."

"Ni ile microbe, si samaki. Acha itoke polepole. Maliza yote."

Mikojo ikatoka kidogo, ikasimama. Akalia. Kisha ikatoka tena, murefu, haisimami, na miye nikabaki nimekaa chini ku couloir, nasikiliza mpaka mwisho.